Tarehe Nyingine

Polisi alinishtaki kwa kupita taa nyekundu na pikapu yetu katikati ya jiji, na taa zenyewe zilikuwa hazijawaka wiki nzima. Ningekubali kosa kama watu wote, niende zangu. Lakini mume wangu akakataa. Tuna wakili nyumbani, alisema, yaani Zedekiah mdogo wake, na kutafuta mtu wa nje ni kumwaibisha.

Tangu hapo nimefunga kibanda changu cha nguo pale Kangemi sijui mara ngapi, nikakalie benchi la korti. Kila tukiitwa, Zedekiah anasimama, anafunga kifungo cha koti na kusema, "Mheshimiwa, naomba tarehe nyingine." Mara faili haijafika, mara ana kesi kubwa kwingine. Nikilalamika ananiambia, "Shemeji, kesi haikimbizwi."

Leo kiongozi wa mashtaka alisema yule polisi amehamishwa, hapatikani, na shahidi mwingine hana. Hakimu akavua miwani. Akasema haoni sababu ya kuendelea kunisumbua, kisha akamgeukia wakili wangu.

"Una la kusema kabla sijaifuta kesi hii?"

Zedekiah alikuwa anapekua faili ya mtu mwingine. Alichosikia ni kwamba anaulizwa. Akasimama, akafunga kifungo.

"Mheshimiwa, naomba tarehe nyingine."

Nilimvuta koti. Hakimu akavaa miwani, akaandika tarehe nyingine.

Zedekiah aliketi, akaninong'oneza huku akitabasamu, "Umeona, shemeji? Leo hata hakubisha."