Pazia la Kushoto

Katika mtaa wa Molenweg hakuna mtu anayefunga mapazia mchana. Hata jioni watu huyaacha wazi na taa zikiwaka, ili mpita njia ajionee mwenyewe kwamba mle ndani hakuna cha kuficha na kahawa iko mezani. Mapazia yakifungwa jua likiwa juu, maana yake ni moja tu, na hata watoto wa chekechea wanaijua: ndani kuna maiti.

Hermien Roerdink alilijua hilo kuliko wengi, kwa kuwa alizaliwa katika nyumba ileile aliyokuwa akiishi. Lakini Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, saa sita mchana, aliyavuta mapazia yote mawili ya sebuleni mpaka yakagusana, na wala hakufikiria maiti. Alifikiria jicho.

Jicho lenyewe lilikuwa moja. La kulia lilikwenda na mfuniko wa kopo la maziwa siku ya mwaka mpya, alipokuwa na miaka tisa, vijana walipokuwa wakilipua makopo kwa gesi shambani kama wanavyofanya kila mwaka mpaka leo. Akabaki na la kushoto. Akalitumia miaka hamsini, akasoma nalo, akaendesha nalo baiskeli, akakata nalo nywele za nusu ya kijiji, wala hakuna aliyelalamika ila wale wenye nywele chache, na hao hulalamika popote. Halafu ghafla zikaanza kuonekana nyuzi nyeusi zikielea, na vimulimuli pembeni. Jumanne akawekwa kidevu juu ya mashine, na daktari akampiga mwanga wa leza kuzunguka tundu lililokuwa limechanika kwenye utando wa nyuma ya jicho.

"Nimekushonea kwa moto," alisema daktari, kijana mwenye mikono ya baridi. "Kovu likikaza umepona. Wiki mbili hivi. Nyuzi utaendelea kuziona, zisikutishe. Ila ukiona kama pazia linafunika upande mmoja, usisubiri hata saa moja. Piga simu."

Laiti angesema wingu, au kivuli, pengine Hermien angepata usingizi. Alisema pazia.

Mama yake Hermien, marehemu Dika, alipofuka jicho moja, la pili likafuata. Mwaka wake wa mwisho aliumaliza kwenye kiti cha dirishani, uso ameuelekeza kwenye jua, akiuliza, "Nani kafunga mapazia?" Mapazia yalikuwa wazi. Siku ya kwanza Hermien alimwambia ukweli, mama akalia mpaka jioni. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu Hermien akapata akili. Akawa anakwenda dirishani, anazivuta pete za pazia huku na huku juu ya fimbo ya shaba, krrr, krrr, halafu anasema, "Haya mama, nimefungua." Mama anaugeuzia uso ule mwanga asiouona, anashukuru. Miaka thelathini na moja imepita, na mlio wa zile pete haujamtoka Hermien masikioni.

Basi aliporudi kutoka kliniki akakaa kwenye kiti kilekile na kuanza kulinda jicho. Ukutani palikuwa na kalenda. Kila robo saa aliikazia jicho katikati na kuhesabu pembe zake: moja, mbili, tatu, nne. Zote zipo. Anavuta pumzi. Dakika tano baadaye moyo unaanza tena: je, ile ya nne niliiona kweli, au niliijua tu kwamba ipo? Akahesabu akila, akahesabu akipiga mswaki. Vitone vya dawa alivyopewa viliwasha, nyuzi zilicheza, na kila uzi uliopita pembeni ulimshtua moyo mpaka akashika meza.

Alipiga simu kliniki Jumatano mara mbili, Alhamisi mara moja. Ijumaa asubuhi akapiga tena.

"Ni mimi tena, Roerdink," alisema, sauti imemnywea. "Kuna kitu cheusi kimepita."

"Kimepita kikaondoka, au kimekaa?" aliuliza muuguzi.

"Kimeondoka. Lakini kimerudi."

"Hizo ni nyuzi, bibi Roerdink. Kawaida kabisa. Unajichosha bure. Angalia mara moja kwa siku, asubuhi, penye mwanga mzuri, basi. Sawa?"

"Sawa. Samahani kwa usumbufu."

"Hakuna usumbufu," alisema muuguzi, na kweli hakukuwa na ubaya katika sauti yake. Lakini Hermien alisikia nyuma ya simu mtu akicheka, pengine kwa jambo lingine kabisa, na uso ukamwaka moto. Kwa watu wa kule, kuiba kunasameheka upesi kuliko kujifanya wewe ni mtu wa pekee. Mtoto hunyonyeshwa jambo hilo pamoja na maziwa: kuwa wa kawaida, inatosha. Mtu mzima wa miaka hamsini na tisa anapiga simu mara nne kwa ajili ya nyuzi! Akauchomoa waya wa simu ukutani ili asije akapiga mara ya tano. Kisha, kwa kuwa kwenye mwanga nyuzi zilionekana zaidi, akayafunga mapazia. Na ile hesabu ya asubuhi penye mwanga mzuri nayo akaiacha. Alisema moyoni kwamba amechoka kuogopa. Uongo. Alikuwa anaogopa mpaka kuangalia.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hermien naye alikuwa na kichwa kigumu.

Jumamosi aliamkia kitini, shingo inauma. Sebule ilikuwa na ule weusi wa kahawia wa chumba kilichofungwa, na saa ya ukutani ya babu yake ikigonga tik, tak, bila haraka. Kitu kimoja kilimsumbua. Kabati la vyombo, lililosimama siku zote kushoto kwake, lilionekana kama limesogea. Limemjia karibu, jeusi, kubwa, limemeza na mlango wa jikoni. Akakumbuka kwamba mama yake naye, miezi ya mwisho, aliwahi kusema kabati linatembea.

"Hermien, acha ujinga," alijiambia kwa sauti. Akageuza kiti kidogo kulia, asilione.

Saa mbili kamili mlango wa nyuma uligongwa. Ukagongwa tena. Alijua ni Berend Lubbers, jirani, amekuja kuchukua trei tupu ya mayai. Hermien alijigusa nywele, zilikuwa hazijaoshwa tangu Jumatatu. Jicho jekundu, gauni la kulalia. Akabana pumzi. Akasubiri mpaka viatu vya mbao vilipoondoka uani, ko, ko, ko, naye akaona haya, lakini hakuinuka.

Hapo ndipo alipokosea, kwa sababu Berend hakuwa jirani hivihivi. Alikuwa jirani wa kwanza. Cheo hicho hakichaguliwi, kinakuja na nyumba. Mwenye nyumba ya Lubbers ndiye anayeitwa kwanza akifa mtu kwa Roerdink, na mwenye nyumba ya Roerdink ndiye anayeitwa akifa mtu kwa Lubbers, na imekuwa hivyo tangu babu za babu zao. Jirani wa kwanza hutunza ufunguo wa mwenzake, husimamisha saa ya nyumba yenye msiba, huwapa habari majirani wengine, hubeba jeneza. Berend mwenyewe, mkewe alipofariki baada ya miaka sita ya kupotewa na akili, alimwona Hermien mlangoni saa kumi na moja alfajiri, naye akayafanya yote bila kuambiwa.

Saa nne Hermien alisikia ufunguo mlangoni.

Hakuita. Mlango ulifunguka polepole, na ndani ya weusi akaingia mtu mrefu aliyevaa nguo nyeusi kutoka shingoni mpaka miguuni, kofia ameishika kifuani. Mtu yule hakutazama huku wala kule. Alikwenda moja kwa moja kwenye saa ya babu, akafungua kioo chake, akaingiza mkono. Tik. Halafu kimya.

Hermien hakuwahi kusikia kimya cha namna ile tangu siku aliyokufa mama. Aliwaza, bila hata kushangaa: kumbe nimekufa. Kumbe ndiyo maana kuna giza.

Kisha yule mtu akakohoa, kikohozi cha sigara, na Hermien akakijua.

"Berend," alisema, "saa yangu imekukosea nini?"

"Yesu wangu!" Berend aliruka, kofia ikaruka, kiwiko kikapiga ukuta. "Hermien! Uko hai?"

"Mpaka sasa. Ila umebakiza kidogo uniue kwa mshtuko."

"Na wewe umebakiza kidogo uniue mimi!" Alikaa juu ya mkono wa kochi, akihema. "Mapazia yamefungwa tangu jana. Simu haishiki. Nimegonga, kimya. Mtu afikirie nini, kwamba umekwenda Uhispania? Nimekwenda nikavaa suti. Suti yenyewe hainifungi tena."

Mlangoni alitokea Toos, mama wa nyumba ya tatu, na beseni kiunoni, shuka jeupe begani na kitana mkononi. Alimwona Hermien amekaa kitini, akatumbua macho.

"Hajafa?"

"Hajafa," alisema Berend.

"Haa! Na mimi nimeshapasha maji!" Toos aliliweka beseni chini kwa kishindo, halafu akaanza kulia, akajifuta machozi kwa lile shuka la maiti. "Mwanamke huyu! Nywele zako zilivyo, hata hai zinahitaji kuchanwa. Una nini lakini, jirani? Kwa nini hukuita mtu?"

Na Hermien, ambaye kwa siku nne hakumwambia mtu yeyote, akasema. Akasema tundu, leza, nyuzi, simu nne, mama yake. "Naogopa," alisema. "Naogopa mpaka siwezi kumeza. Nimebaki na hili moja tu. Likienda hili, nitakaa hapa kwenye kiti cha mama nikiuliza nani kafunga mapazia."

Hakuna aliyemwambia awe wa kawaida. Toos alimshika mkono. Berend aliinuka, akakohoa tena, kwa maana wanaume wa kule machozi hawayajui wayaweke wapi.

"Kwanza tuingize mwanga," alisema. "Giza halijawahi kumponya mtu."

Akaenda dirishani na kuyavuta mapazia, la kulia kwa mkono wa kulia, la kushoto kwa mkono wa kushoto. Pete zikalia krrr juu ya fimbo. Jua la mwezi wa tatu likaingia hadi mezani, Hermien akafumba jicho, akalifumbua polepole. Aliuona mti wa tufaa. Aliuona ua wa Berend, na kuku. Akacheka kidogo.

"Afadhali," alisema. "Nifungulie na la kushoto."

Berend alimtazama Toos. Toos naye aliacha kumsugua mkono.

Miaka sita ya mkewe ilimfundisha Berend jambo moja: mgonjwa habishiwi. Alitazama pazia la kushoto, lililokuwa limekunjamana ukutani hadi mwisho wa fimbo. Akaunyoosha mkono. Akazisogeza pete huku, akazisogeza kule. Krrr, krrr.

"Haya, Hermien," alisema kwa upole. "Nimefungua."

Ule mlio Hermien aliujua. Aliwahi kuupiga yeye mwenyewe, kwa upole uleule, kwa maneno yaleyale, mwaka mzima.

"Berend, usinifanyie hivyo," alisema. "Niambie kweli. Lilikuwa wazi?"

Berend alitazama viatu vyake. "Lilikuwa wazi."

Hermien alinyanyua uso kwenye kalenda, akaikazia jicho katikati. Moja, mbili. Akasubiri. Pembe mbili za kushoto hazikuwepo, na kabati halikuwa limesogea popote.

Toos ndiye aliyechomeka waya wa simu, na Toos ndiye aliyepiga, na heshima ya mtu wa kawaida haikumhusu kabisa. "Pazia!" aliwapigia kelele. "Ndiyo, pazia, mlimwambia wenyewe! Hapana, halipiti, limekaa!" Akasikiliza. Akaikata. "Wanasema mje sasa hivi, msinywe hata kahawa. Utando umeanza kubanduka. Kama haujafika katikati, wanaweza kuliokoa. Ukifika katikati..." Akanyamaza, jambo ambalo kwa Toos ni nadra.

Walimvika koti juu ya gauni la kulalia. Berend alimpakia kwenye gari, akamfunga mkanda kama mtoto, akakaa kwenye usukani, ambao kule huwa kushoto, na ile suti isiyofungika. Hermien alimgeukia kumshukuru, asimwone. Upande ule palikuwa na weusi mtupu na harufu ya sigara.

Gari liliingia mtaani polepole. Hermien alitazama kulia kwake, kwenye kile kipande alichobakiwa nacho. Nyumba ya kwanza, mapazia yamefungwa. Ya pili, yamefungwa. Ya fundi baiskeli, ya mwalimu, zote zimefungwa jua likiwaka, na mtaa mzima hauna mtu hata mmoja.

"Nani kafa?" aliuliza, na mara akajua jibu.

"Toos aliwaambia," alisema Berend kwenye ule weusi. "Kabla hatujaingia kwako. Wamefunga kwa heshima yako. Nisamehe, jirani. Hawajajua bado."

Mwanasesere wa kitambaa alikuwa ameachwa kwenye ngazi za nyumba ya mwalimu. Hermien alimtazama mpaka alipopita nyuma, akitaka kukumbuka rangi zake: nyekundu, na vifungo vya bluu.

"Na upande wa kushoto?" aliuliza.

"Wote wamefunga."

Gari lilikwenda taratibu, kwa ile heshima ambayo Berend, ndani ya suti ile, hakujua kama anaionyesha. Hermien aliunyoosha mkono kwenye lile giza mpaka akagusa mkono wake juu ya usukani.

"Kanyaga mafuta, Berend," alisema. "Huu ni mwendo wa jeneza."