Kiraka cha Juu

Herufi ya kwanza ilitokea juu kabisa ya tanga, karibu na ule mti unaolibeba. Ilikuwa ya bluu. Manyunyu yalikuwa yameanza tu kutupiga, Musoma imebaki nyuma yetu kama mstari wa moshi, na kisiwa cha Rukuba kiko mbele, si karibu wala si mbali. Nikajiambia ni macho yangu. Halafu ikatokea ya pili.

Tulikuwa watano mtumbwini. Thadeo, mume wangu, alikaa nyuma na kasia la usukani kwapani. Mdogo wake Kasmiri alikaa katikati na kopo la kukumba maji. Mbele walikaa wazungu wawili waliotukodi, Yens na mkewe Birgite, watu wa Denmaki waliokuwa wakichimba visima kule Shinyanga na sasa wamepata likizo. Na mimi nilikuwa nimekumbatia sufuria na mfuko wa unga, mwanamke ambaye hakuwahi kupanda mtumbwi ule tangu uteremshwe majini. Ilikuwa mwaka wa themanini na saba.

Aliyetuletea wazungu hao ni Apolinary, mhudumu wa hoteli moja pale mjini. Alikuja mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, amevaa viatu, anakwepa magamba ya samaki.

"Kaka Thadeo, hawa hawataki injini. Wanataka tanga. Wakae kisiwani siku tatu, waoge, wapige picha, uwarudishe."

"Upepo ninao," Thadeo akasema. "Tena haujawahi kuniishia kama petroli."

"Watu wamesoma mpaka mwisho," Kasmiri akaguna, "sasa wanatafuta shida kwa hela yao."

Tulicheka, lakini jambo lenyewe halikuwa la kucheka kwetu. Siku zile ruksa ya biashara ilikuwa imeingia. Sabuni ilirudi dukani, sukari ikarudi. Pamoja nayo zikaja injini za wafanyabiashara wa sangara, zikawa zinafika kwenye samaki wakati mtumbwi wetu bado unatafuta upepo. Thadeo alianza kukohoa kila akirudi kutoka ziwani. Safari ile ikienda vizuri, Apolinary alisema, wazungu wengine watakuja, na mume wangu atakuwa mtu wa kupeleka watu mchana badala ya kulala juu ya maji. Nilimwona usoni jinsi alivyolitaka jambo hilo. Alinyoa ndevu.

Birgite ndiye aliyesema haendi kisiwani na wanaume watatu bila mwanamke mwenzake. Basi ikabidi niende mimi, kama mpishi.

"Shemeji, mwanamke hapandagi mtumbwi wa kazi," Kasmiri alinitania wakati ananishika mkono nipande. "Sangara wakisikia sauti yako humu watahamia Kenya wote."

"Wakihamia wafuate. Huku wanawake wote wameshakuchoka."

Kila mtu pale mwaloni aliangua kicheko. Mimi nilikuwa nimeinua macho, naangalia juu, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nakaa chini ya lile tanga nililolishona kwa mikono yangu.

*

Niseme lilivyoshonwa.

Mwaka wa themanini na nne dukani kulikuwa na rafu na muuzaji, basi. Kitambaa kilikuwa cha kibali. Thadeo alifuatilia kibali cha wavuvi miezi mitano, akapata yadi ishirini za marekani, ile nguo nzito ya pamba, akaja nayo begani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Akanikabidhi mimi, maana baada ya darasa la tatu masista wa Nyegina walinifundisha kushona. Kisha akaenda zake dago, kambi ya wavuvi kisiwani, wiki nzima.

Nilikuwa nimelitandaza jora uani, naanza kupima, ndipo kaka yangu Magesa alipoingia na baiskeli kutoka Guta. Hakuketi. Hakutaka maji.

"Dada, Mama ametutoka. Na hatuna sanda ya kumfungia."

Nikamwuliza Bunda je. Akasema ametoka Bunda. Amezunguka duka kwa duka, amekwenda mpaka kwa padri. Shuka moja la nyumbani lilikuwa limeshakatwa kumzikia shangazi mwezi uliopita.

Mama yetu, Nyamburi, alilima pamba tangu kabla sijazaliwa. Naujua mgongo wake zaidi ya uso wake, kwa vile ndio niliokuwa naufuata shambani, yeye mbele anachuma, mimi nyuma na kikapu. Robota ngapi zilitoka mikononi mwake, sijui. Na siku ya kufa kwake pakakosekana kipande cha upana wake.

Nilichukua mkasi. Magesa aligeuka akatazama ukuta.

Nilikata yadi nne. Mkasi ule ulikuwa butu, ukawa unatafuna nguo badala ya kukata, na mpaka leo nikisikia mtu anatafuna muwa napakumbuka pale uani.

Thadeo alipata habari akaja moja kwa moja Guta kutoka dago, ananuka samaki. Alipoingia kumuaga Mama alishika pindo la ile sanda kwa vidole viwili, jinsi mvuvi anavyoshika nguo.

"Mmebahatika," alisema. "Nguo nzuri. Mmeipata wapi?"

"Kwa Mhindi mmoja Bunda, shemeji," Magesa akamjibu.

Mimi nikatazama chini. Ningeweza kusema pale pale. Angenielewa au angenipiga, moja kati ya hayo, na yote yangeisha siku hiyo. Lakini kulikuwa na watu, kulikuwa na kilio, nikasema nitamwambia tukirudi. Tuliporudi nikasema nitamwambia baada ya matanga.

Pengo la yadi nne nililiziba kwa mifuko ya nguo ya unga wa msaada. Niliisugua kwa majivu na mchanga mpaka maandishi yake yakafifia. Kisha nikachemsha tanga zima na magome ya mgunga, likawa rangi moja ya kahawia, likapendeza. Na kile kiraka nikakiweka juu, pale ambapo macho ya mtu aliyekaa nyuma na usukani hayafiki kirahisi. Mvuvi yeyote angeniambia kwamba juu ndiko upepo unakovuta zaidi. Sikuwa na mvuvi wa kumwuliza ila mmoja.

Miaka mitatu mume wangu alilala juu ya maji chini ya kiraka kile. Miaka mitatu nilikuwa naamka kabla ya jogoo, nasimama nyuma ya nyumba, nahesabu matanga yanayorudi. Nikiliona la kwetu, nilikuwa narudi ndani haraka nijifanye ndiyo kwanza naamka. Nguo zilipojaa tena madukani, mara mbili nilishika kitambaa, mara mbili nikakirudisha. Ningesema nanunua cha nini? Watu hunisifu kwamba mimi ni mvumilivu. Siku zile uvumilivu wangu ulikuwa kunyamaza tu.

*

"Mama!" Birgite aliita, mkono juu, anacheka kama mtoto. "Tanga inaongea!"

Sasa herufi zilikuwa nyingi, mistari miwili, bluu juu ya kahawia iliyopauka kwa jua na sasa imelowa. Alizisoma kwa sauti kwa Kizungu. Yens naye akasoma, akapiga paja.

"Imeandikwa ni zawadi," akatueleza. "Imeandikwa hairuhusiwi kuuza."

"Kumbe, kaka!" Kasmiri akadakia. "Miaka yote tunavulia zawadi!"

Thadeo hakucheka. Alijiinua kidogo, akakunja shingo, akatazama juu kwa muda. Kisha akanitazama mimi.

"Mama Ursula. Yale ni nini?"

Kabla sijafungua mdomo, upepo ulibadilika. Ulikuja kwa kishindo kutoka upande wa kisiwa, mtumbwi ukalala ubavu, maji yakaingia juu ya mbao na kunilowesha mapajani. Birgite akapiga yowe la furaha. Alidhani ndiyo raha yenyewe. Mimi nilikuwa naangalia mshono. Kutoka pale nilipokaa niliuona ukifunguka, uzi mmoja, halafu mwingine, na katikati yake mwanga mweupe wa mawingu, mwembamba kama unywele.

"Baba Ursula, shusha tanga."

"Nimekuuliza yale ni nini."

"Shusha kwanza."

"Nishushe hapa? Tutapigwa ubavuni na haya mawimbi mpaka tujae. Tukivuka ule mwamba wa mbele tuko salama. Nishushe tanga kwa sababu ya maandishi?"

Alikuwa na haki. Alijua ziwa, na tanga alidhani analijua. Kama ningesema tu kuna uzi umekatika, angesema tutashona tukifika. Ilibidi nimpe yote.

Yens na Birgite walikuwa wameacha kucheka. Kiswahili chao kilikuwa kidogo, lakini sauti waliielewa.

"Ile ni mifuko ya unga," nikasema. "Si nguo yako. Nguo yako niliikata. Ikipasuka tukiwa tumelala hivi tunageuka wote, na mimi sijui kuogelea."

Wimbi moja lilipita chini yetu. Lilipita la pili. Thadeo ananitazama.

"Kasmiri," akasema. "Shusha."

Kasmiri alirukia kamba. Tanga liliposhuka upepo ulilikamata mara ya mwisho, na nikausikia mpasuko ukitembea, mrefu, bila haraka. Mtumbwi uliyumba huku na huku kama ng'ombe asiyetaka josho. "Makasia!" Thadeo akapaza sauti. Alikuwa na lake, Kasmiri akachukua la pili, Yens akachukua la tatu bila kuambiwa. La nne lilikuwa miguuni pangu. Nikaacha sufuria, Birgite akaidaka akaanza kukumba maji nayo, nywele zimemganda usoni, safari hii hapigi yowe.

Sikuwahi kushika kasia. Nilivuta kama ninavyolima, kwa mgongo. Kasmiri hakutaja tena wanawake wala sangara. Alikuwa akisema nyuma yangu, pole pole, kila tunapopiga kasia: "Vuta, shemeji. Vuta. Vuta, mama."

*

Tulifika upande wa kisiwa usio na upepo jua limeanza kutoka tena. Wazungu waliteremka, wakakaa mchangani, kisha Yens akaangalia malengelenge ya viganja vyake, akamwonyesha mkewe, wakaanza kucheka mpaka wakalala chali.

"Safari nzuri sana, Bwana Thadeo!" akaita. "Mwaka kesho tunaleta rafiki!"

"Karibuni," Thadeo akajibu. Kasmiri alishika njia ya kutafuta kuni, ingawa kuni zilikuwa pale pale karibu.

Tulilitandaza tanga juu ya mawe, mimi na mume wangu. Mpasuko ulikuwa mrefu kuliko mkono wangu. Alipitisha kiganja juu ya ile nguo nyepesi ya mifuko, akaenda mpaka ilipokutana na marekani, akarudi.

"Miaka mitatu," akasema, "umeniangalia naondoka."

"Kila siku."

"Na hukusema."

"Sikusema."

Alitoa sindano ya nyavu kwenye mkoba wake, akaitia uzi, ikamchukua muda kwa uchovu wa kasia. Au kwa hasira. Sikujua, na sikumwuliza.

"Yadi nne?"

"Nne."

"Ile niliyoishika Guta."

"Ndiyo hiyo."

Akatazama ziwani tulikotoka. Lilikuwa limetulia kabisa, halina habari na mtu.

"Ilimtosha?"

Sikutegemea swali hilo. Nilikuwa nimejiandaa miaka mitatu kwa maswali mengine yote.

"Miguu ilibaki nje," nikasema. "Magesa aliifunga na shati lake."

Thadeo akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayepiga hesabu ya samaki waliotoroka.

"Ungekata hata sita," akasema.

Kisha akapiga magoti upande mmoja wa mpasuko, akaniashiria nami nipige upande wangu. Akavuta wake, nikavuta wangu, tukavuta mpaka kingo zikakaribiana, na nikazishikilia hivyo wakati yeye anashona.