Friji Linalosalimia Wageni

Friji la nyumba ile lilikuwa na tabia yake: ukilishika mlango, linakutekenya vidole. Watoto walisema linasalimia. Baba yao aliupenda utani huo, maana soketi ya jikoni aliiunga mwenyewe, na hakutaka kuulizwaulizwa.

"Waya wa ethi, wa kupeleka umeme ardhini, si ule wa kijani? Nimeukaza kwenye boksi la chuma la soketi. Ngozi zenu tu laini mno."

Mkewe hakubishana. Friji alilifungua kila mara kwa kitambaa kikavu, roho juu.

Siku waliyojaa wageni, wifi mkubwa, mtu wa maneno, aliingia jikoni, akashika mlango, akaruka.

"Mama wee! Hili halisalimii, linauma! Kaka, friji lako lina wivu kama wewe!"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Mke akalitazama friji. Jana lilitekenya, leo linauma.

Katika kuruka huko wifi alikuwa amepiga teke ndoo ya vyombo. Maji yakatambaa mpaka chini ya friji. Na hapo hapo kitinda mimba akaingia kutoka uani, peku, jasho tele.

"Mama, nataka maji baridi."

Mkono ulikuwa umeshanyooshwa. Mama aliona kwamba hata akipiga kelele, amechelewa. Akimkimbilia, watanaswa wote wawili. Akageuka mbio hadi mlango wa jikoni, akaivuta chini meni swichi ya umeme wa nyumba nzima.

Redio ikakatika katikati ya wimbo. Feni ikazunguka, ikachoka, ikasimama. Yeye akabaki ameukazia macho ukuta. Aliogopa kugeuka.

"Mama, mbona taa ya friji haiwaki?"

Ndipo mama akageuka: mtoto mzima, mlango wa friji u wazi.

Mume wa wifi, fundi umeme, ndiye aliyelifungua boksi la soketi. Waya wa kijani ulikuwa pale pale, umekazwa barabara.

"Si niliwaambia?" akadakia mwenye nyumba.

Fundi akaifungua skrubu, akakwangua pale ilipokuwa. Ikatoka rangi ya ukuta, nene.

"Shemeji, boksi ulilipaka rangi mpaka ndani. Waya umeufunga kwenye rangi, chuma haujakigusa. Na waya wa friji umechubuka huko nyuma, unagusa bati lake. Ethi ingeshika, umeme ungejikata wenyewe zamani."

Akabadilisha waya uliochubuka. Akakwangua boksi mpaka chuma kikang'aa, akaziunga nyaya za kijani zote pamoja: moja ikaenda kwenye boksi, nyingine kwenye soketi yenyewe. Mke akairudisha juu meni swichi, fundi akapima.

"Salama. Haya, nani anaanza?"

Watu wakarudi nyuma hatua moja. Hata wifi mkubwa alitazama dari.

Baba watoto akavua ndala. Akaweka kiganja kizima kwenye mlango wa friji, uso umempauka, akakiacha hapo.

"Halisalimii," akasema kwa sauti ndogo.

Hakuna aliyecheka. Mkewe ndipo alipoona kwamba mkono wake mwenyewe bado uko kwenye meni swichi, vidole vimekakamaa, tayari kuvuta.