Hati Nane za Mama Pasi

Anayetaka kujua uchovu aende akakae kwenye benchi la ofisi ya kodi tangu saa mbili asubuhi, na namba sabini na moja mkononi, huku wanaohudumiwa ndio kwanza wamefika ishirini. Mama Pasi alikuwa amekaa hapo. Jina hilo alilipata kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, alikopiga pasi mashuka miaka kumi na tisa, na sasa alikuwa amelizoea kuliko la kuzaliwa.

Kilichomleta ni macho. Mwezi uliopita aliunguza mashuka mawili, na msimamizi akamwambia, bila hata kupandisha sauti, kwamba akiunguza la tatu asirudi tena. Miwani aliyoandikiwa ilikuwa ghali, na akiba yote ilikwisha kwenye ugonjwa wa mumewe. Ndipo mhasibu wa hoteli alipomwonea huruma.

"Mama, mwaka jana si ulikaa nyumbani miezi minne bila mshahara, ukimuuguza mzee? Kodi walikukata kana kwamba ungefanya kazi mwaka mzima. Huenda walizidisha. Peleka hati zako za mshahara, wakuangalizie."

Hati zilikuwa nane, za miezi aliyofanya kazi, na hapo ndipo palipokuwa na shughuli. Mumewe, karani wa mishahara mstaafu, alipigwa na kiharusi kikamnyang'anya sauti, kikamwachia mkono mmoja. Karatasi pekee zilizokuwa karibu na kitanda ni hizo hati, basi akawa anaandika nyuma yake kwa penseli, kisha anampa mkewe. Mama Pasi haoni kitu, ukungu mtupu. Lakini utamwambiaje mgonjwa kwamba huoni alichohangaika nacho nusu saa nzima? Hakuweza. Alikuwa akiitazama karatasi, anaitikia kwa kichwa, anatabasamu, kisha anamletea maji. Maji yakikataliwa, analeta chai.

Mzee alipofariki, Mama Pasi alizifunga hati kwenye kitambaa na kuziweka chini ya mto. Kuwapa watoto wamsomee aliona haya. Huenda humo mlikuwa na maneno ya mume na mke, na ya ndani hayatoki nje. Atazisoma mwenyewe, alijisemea, siku akipata miwani.

Saa saba mchana namba yake ikaitwa. Karani wa dirishani, mwanamke aliyeonekana kuchoka kuliko hata waliokuwa kwenye foleni, alizipanga hati, akabonyeza mashine ya hesabu, akarudia tena.

"Ni kweli, dada. Ulikatwa zaidi." Akamtajia kiasi. Kilitosha miwani, na chenji ingebaki. "Hati hizi utatuachia."

"Zote?"

"Zote. Tunapokea halisi tu, ndio utaratibu."

"Basi nitolee fotokopi ya huko nyuma, nibaki nayo."

Karani akaigeuza moja, akaipitisha kwenye mashine. Karatasi ikatoka nyeupe pe. Penseli ilikuwa imefifia mno.

Mama Pasi akapiga hesabu zake. Akizirudisha hati chini ya mto, shuka la tatu lilikuwa njiani na kazi ingekwenda nalo. Akiziacha hapa, hatajua kamwe mumewe alimwambia nini.

"Mdogo wangu, niazime miwani yako. Dakika tano tu."

Nyuma yake watu wakaguna. Karani akaitazama foleni, akaitazama saa ya ukutani, akaivua miwani.

Ya kwanza ilisema: "Chumvi imezidi." Ya pili: "Fungua dirisha." Ya tatu: "Si maji. Dirisha." Mama Pasi akacheka peke yake, kisha ikambidi ajifute machozi kwa ncha ya kitambaa. Mzee wa watu alikuwa akiomba upepo, yeye akimjaza maji. Ya nne ilikuwa dirisha tena. Nyingine zilidai blanketi, redio, na kwamba chai ile haikuwa na sukari.

Ya nane ilijaa tarakimu, safu kwa safu, kwa mwandiko uliokuwa ukitetemeka. Chini kabisa palipigwa mistari miwili, na juu yake kiasi kilekile alichotaja karani muda mfupi uliopita. Halafu yalikuwepo maneno.

"Mke wangu, najua huoni. Unaitikia kwa kichwa tu. Umeacha kazi kwa ajili yangu, na kodi wamekukata zaidi, nimepiga hesabu. Kadai. Nunua miwani."

Akaisoma mara mbili, na ya tatu polepole, akilishika kila neno.

"Umemaliza, dada?" karani akauliza.

Mama Pasi akaitikia kwa kichwa. Kisha akavua miwani, akaisukuma chini ya kioo pamoja na hati zote nane.