Tuta Lisilo na Kibao

Mimi ni mtu wa usafi, na usafi wangu umewachosha wengi. Nilipojiunga na kikundi cha akina mama wanaopanda mitishamba nyuma ya kanisa letu hapa Langas, mjini Eldoret, nilikuta kila mtu ana tuta lake na kibao cha jina la mmea. Tuta la Mama Warigia pekee halikuwa na kibao. Lilikuwa limejaa thabai, yale majani ya mwituni yanayowasha ukiyagusa.

Mama Warigia alikuwa amelazwa nyumbani wiki mbili na magoti. Nikajiambia, maskini ameshindwa kupalilia, na wageni wa kaunti wanakuja Ijumaa. Nikavaa glavu, nikang'oa zote, nikazianika, na Alhamisi nikazichoma. Nilijiona malaika.

Ijumaa alikuja akijikokota na mkongojo. Akalitazama tuta.

"Linah, umechoma?"

"Ndio, Mama. Mpaka mizizi."

Hakunitukana. Heri angenitukana. Aliketi pale pale udongoni, akanieleza. Majani yale aliyachemsha kwa ajili ya magoti, lakini si magoti yaliyokuwa yakimliza. Nyumba yake ya Burnt Forest ilichomwa katika ghasia za uchaguzi, 2008, mumewe Ng'ang'a akiwa ndani. Miezi kadhaa baadaye alirudi mara moja tu, akisindikizwa na askari, akakuta hakuna kitu ila thabai zimeota palipokuwa jikoni. Akachimba mizizi, akaja nayo mjini. Shamba aliliuza bila kulikanyaga tena.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Nitaenda nikuletee zingine, Mama."

"Thabai ziko kila mahali. Zangu hutazijua." Alishika mkongojo, akainuka. "Twende wote."

Jumatatu tulikwenda Burnt Forest. Njia nzima alinishika mkono mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Shamba lilikuwa mahindi matupu hadi uani, tena mahindi mazuri. Lakini katikati palibaki kipande kisicholimwa, ukubwa wa chumba kimoja, thabai zimefika kifuani.

Mwenye shamba, mzee mwenye jembe begani, alitusalimu kwa upole. Hakumjua Mama Warigia, maana waliuziana kupitia kwa wakili. Mimi mdomo wangu haujui kutulia.

"Mzee, hapa mbona hulimi?"

"Hapa ilikuwa jiko ya watu," alisema. "Siku ya kwanza nikilima, jembe ikatoa sufuria. Nikaacha. Nikasema labda wenyewe watakuja."

Mama Warigia aliuachia mkono wangu.

"Nilikuwa nimemwekea Ng'ang'a chai," alisema.

Mzee akavua kofia. Mama Warigia akapiga yale magoti yake chini, akaanza kuchimba kwa mikono mitupu huku analia. Nikapiga magoti kando yake. Glavu zangu zilikuwa mfukoni, sikuzitoa.