Mji wa Wasifu Mmoja
Feni ya steshenari ya Elinami inazunguka kivivu, nami nimekaa kwenye benchi nikisubiri kuchapiwa wasifu, na usingizi wa mchana wa Korogwe hauna adabu, haubishi hodi. Leo ndiyo siku ya mwisho ya maombi. Ukumbi mpya wa sherehe unatafuta mratibu, kazi ninayoitaka kuliko zote, na maombi yangu yote ya huko nyuma hayajajibiwa hata kwa simu ya kukosea namba. Elinami ananiambia, dada Tausi, usihangaike, ninao wasifu mzuri wa mteja mwingine, nabadilisha jina tu. Naitikia kwa kichwa, kichwa kinazidi kushuka, nashusha mguu nisianguke, na mguu unakanyaga barabara nyeupe kama karatasi, inayokwenda, inayojikunja, inayorudi ilikotoka.

Pande zote ni nyumba za vioo. Najitazama: koti la kijivu, shati jeupe, na juu ya shingo hakuna sura, laini tu kama yai. Kioo cha pili, hivyo hivyo. Watu wanapita, wote kijivu, wote mayai. Mmoja ana penseli nyuma ya sikio, namuuliza, kaka, samahani, lango la kazini liko wapi? Anasema, unalipita kila unaponyamaza. Nasema, sijanyamaza, si nakuuliza wewe? Anasema, unauliza, na bado hujasema. Mtu wa namna hii ukimtuma chumvi anakuletea maelezo. Naendelea kutembea, barabara inajikunja tena, na lango hilo hapo, na sauti nyuma yake inauliza, wewe nani? Najibu, mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninaweza kufanya kazi bila kusimamiwa, napenda kusoma na kubadilishana mawazo. Na mji mzima unasema pamoja nami, neno kwa neno, kama watoto wa chekechea. Nacheka, siwezi kujizuia, ila moyoni naogopa, kwa sababu lango halitikisiki na jua linashuka.

Ndipo mvua inapoanza, na tarumbeta zinalia, na barabara inageuka uwanja wa shule wenye harusi. Turubai linaanguka. Wageni wasio na sura wanakimbia huku na huko, bwana harusi kabeba viatu mkononi, sufuria za pilau ziko wazi mvuani. Sifikirii. Najifunga kanga kiunoni juu ya lile koti. Wewe, funika sufuria! Nyie vijana, viti vyote kwenye darasa lile! Shangazi, mshike bibi harusi shela lisiburute! Naokota chaki, naandika kwenye mlango wa darasa, upande wa mume kulia, upande wa mke kushoto. Na kila ninayempa kazi anaota sura hapo hapo, pua, macho, meno yanayocheka, na vigelegele vinapanda mpaka vioo vinatetemeka. Najiona kwenye kioo kimoja. Nina sura! Hata lile kovu la kidevuni lipo, na nina furaha isiyo na kifani.

Mwenye penseli amesimama kando yangu. Anasema, kazi hii umeifanya wapi? Nasema, hii si kazi, hii ni harusi ya mtoto wa Bi Mwantumu, mimi nilikuwa kwenye kamati tu, kama majirani wote. Anasema, tu? Na lango linafunguka lenyewe.

Dada Tausi, zamu yako. Elinami ananigusa bega, penseli nyuma ya sikio. Nimeshabadilisha jina, nichape? Futa, namwambia, futa yote. Andika hivi: kwenye harusi ya kwa Bi Mwantumu mvua iliangusha turubai, nikawahamishia wageni darasani, na kila mgeni alikula pilau ya moto. Vidole vyake vinasimama. Ananigeukia, anacheka mpaka penseli inadondoka. Kumbe ni wewe! Nilikuwepo siku ile, nilirudia sahani. Haya, taja na harusi nyingine, twende haraka, hawajafunga ofisi. Nanyoosha mkono kumwokotea penseli yake, na vidole vyangu vimejaa vumbi la chaki. Siulizi niko upande gani wa lango. Naendelea kutaja harusi, na Elinami anachapa.