Pindakiuno Mlangoni kwa Mzee Yeslam

Kwetu Jomvu Kuu sanduku la harusi hupelekwa kwa miguu, wanawake tukiimba. Nilimwambia hivyo Aidarus, mtoto wa marehemu kaka yangu. Hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Alikuwa dereva wa jeshi, na mwaka ule kabla ya uhuru Waingereza walimkabidhi lori la kujaribiwa: malori mawili yaliyoshikana kiunoni, la mbele lapanda, la nyuma bado lashuka. Watu wakaliita Pindakiuno. Lilivuka matope ya hori bila kukwama, na kila likivuka kichwa cha Aidarus kikazidi kuvimba.

"Shangazi, hili halina pasipopitika," akaniambia.

Ijumaa akalipakia sanduku moja tu, la kubebwa na mtu kichwani, akaliingiza uchochoroni kwa Mzee Yeslam, baba wa mchumba wake Alawiya. Sisi wanawake tukamfuata nyuma. Kwenye kona akapinda. La mbele likaingia, la nyuma likabana ukuta wa msikiti. Mbele haliendi, nyuma halirudi, na adhana hiyo inatoka.

Wanaume wa uchochoro wakasimama na udhu wao, njia ya msikitini imezibwa. Vigelegele vikakatika. Aidarus akanyaga mafuta, ukatoka moshi mtupu. Wallahi nilitamani ardhi inimeze.

Mzee Yeslam akatoka na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Akamtazama mkwewe. Akapiga magoti, mtu wa umri ule, akatambaa chini ya lori aiwahi sala. Alipotokea upande wetu mgongo wote ulikuwa mafuta meusi.

Nikalifungua sanduku mbio, nikatoa kanzu mpya tuliyomshonea yeye. "Vaa hii, kaka. Twakuomba radhi."

"Hiyo ni ya harusi, Bi Zubeida," akasema taratibu. "Harusi ikiwapo."

Laiti angetutukana. Tukarudi na sanduku letu, tukakaa tukingoja neno lake. Jeshi walikuja kulinasua lori, Aidarus wakamnyang'anya ufunguo, nyumbani hali chakula, na mimi hata dukani sitoki. Mwisho Mzee akatuma mtu: njooni tuoze, na mje kwa miguu.

Tukaenda. Sanduku tuliliacha, tukihofu kwamba akiliona ataikumbuka aibu ile.

Wakakaa Mzee na Aidarus kufunga ndoa, mkono kwa mkono. Mimi nachungulia dirishani. Mzee amevaa kanzu ile ile. Imefuliwa, na doa bado liko mgongoni, watu wote walitazama. Aidarus akatakiwa aseme amekubali, sauti isitoke. Kainamisha kichwa.

"Sema, mwanangu," Mzee akamwambia. "Mimi nilikusamehe pale pale. Nimevaa hii kwa sababu sina nyingine."

Aidarus akasema huku analia. Mimi nikajifunika buibui uso mzima. Ile kanzu mpya ilikuwa kwangu, sandukuni, imekunjwa vile vile.